Siku niliyosikia sauti yangu kwenye singeli

Mara ya kwanza kuusikia ule wimbo nilikuwa ndani ya bajaji, natoka kituo cha Rangi Tatu kwenda nyumbani, ndoo ya samaki miguuni. Nilikuwa nimewafuata Feri tangu alfajiri. Dereva alikuwa kijana wa mtaani kwetu na kama vijana wote wa Mbagala, saa mbili asubuhi alikuwa tayari amefungulia singeli mpaka vioo vinatetemeka.

Sikuwa nasikiliza. Mwenye watoto hujifunza kutosikiliza singeli kama anavyojifunza kutosikia jenereta la jirani. Lakini katikati ya zile ngoma zinazokimbia kama zinafukuzwa, palikuwa na kisauti chembamba, mithili ya mtoto mdogo anayebembeleza: mpaka Ijumaa, kaka yangu, mpaka Ijumaa. Kinarudiwa, kinakatwa, kinarudiwa tena. Nikacheka. Nikamwambia dereva, "Huyu mtoto anadaiwa nini?"

Kisha nyuma ya kile kisauti nikasikia mlango ukilia. Ni mlango wa bati wa uani kwangu. Bawaba yake ya chini imekatika tangu mwaka juzi, na ukiusukuma unalia kama mbuzi. Hakuna mlango mwingine Mbagala nzima unaolia vile. Nikanyamaza. Yule hakuwa mtoto. Alikuwa mimi.

Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zina kijana wa umri huu, simu yenye ufa kwenye kioo na spika ndogo inayolia mpaka usiku. Na pia najua nyumba nyingi zina mkopo ambao baba hajaambiwa.

Wangu ulikuwa wa shilingi 300,000. Marejesho shilingi 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani unarudisha 390,000. Fomu moja, picha mbili za pasipoti, kitambulisho, na orodha ya vitu vya ndani. Mtaani tunaiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na mchambuzi wa uchumi. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu ambazo hazikuwa na leseni. Waliokuja kwangu hawakuwa programu. Walikuwa vijana wawili na dada mmoja mwenye daftari. Wiki hiyo bahari ilichafuka, samaki walikuwa bei ya kuruka, na mimi nilikuwa nimekosa marejesho ya siku nne, shilingi 52,000. Wakachukua televisheni. Kisha wakachukua godoro.

Mume wangu ni dereva wa malori, alikuwa njiani kwenda Tunduma. Hakujua kuhusu mkopo. Kijana wangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa chumbani na madaftari yake. Nilimwambia asitoke, akatii. Nilichokuwa sijui ni kwamba alishika simu akarekodi kupitia dirishani. Baadaye aliniambia alitaka tuwe na ushahidi, kama tukienda kwa mwenyekiti wa mtaa. Hatukwenda kwa mwenyekiti. Ushahidi ukabaki kwenye simu, na simu ya kijana wa miaka 16 haihifadhi kitu bila kukichezea.

Nilipofika nyumbani na ndoo yangu nilimwita. Alikuja anaangalia chini, maana alishaona uso wangu.

"Bi mkubwa, nimeipandisha sauti. Hakuna atakayekujua."

"Mimi nimejijua."

Akanyamaza. Nikamuuliza nani amempa ruhusa. Akasema wimbo hakuutengeneza peke yake, kuna kaka mmoja Mburahati ana studio, ndiye aliyeweka ngoma. Nikamwambia, "Jumamosi utanipeleka huko Mburahati. Wewe mbele, mimi nyuma. Na huo wimbo utafutwa mbele ya macho yangu."

Kutoka Rangi Tatu hadi Mburahati ni kulivuka jiji kutoka kusini hadi upande wa pili, na kama una hasira safari inakuwa ndefu zaidi. Tulipanda daladala ya Kariakoo. Zakhem, Kizuiani, Misheni, Mtongani. Konda anataja vituo kwa mwendo uleule wa singeli, na hilo sikuwahi kuliona mpaka siku ile, kwa kuwa nilikuwa naogopa kila sauti inayorudiwa. Kijana wangu alikaa dirishani, hakuweka hata spika za masikioni.

Tulipofika Mtoni kwa Aziz Ally, ambapo barabara inakata kwenda Tandika, hasira ikapungua kidogo. Mimi nimekulia Tandika. Uzaramo wetu ulikuwa bado unaonekana hata kwa watoto wa kabila lolote, na sauti yake kubwa ilikuwa mdundiko. Mwali akitolewa, ngoma inatoka nyumba hadi nyumba, mtaa hadi mtaa, watu wanaifuata kwa kutembea na kucheza. Watoto tulikuwa tunafuata bila kuaga. Siku moja niliufuata nikashtukia nipo Yombo, jua limezama, sijui njia ya kurudi. Mama yangu alinikuta kwa mama ntilie nimelala kwenye benchi. Kichapo cha siku hiyo nakikumbuka hadi leo, lakini na ngoma naikumbuka.

Nikamsimulia kijana. Akauliza, "Kwa hiyo na wewe ulitoroka kufuata vigodoro?" Sikumjibu.

Baada ya mdundiko ulikuja mchiriku. Hiyo ni miaka ya tisini. Vijana waliokuwa hawana uwezo wa kununua gitaa wala kukodi bendi walichukua kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho watoto wa wenye nazo walipewa kama kitu cha kuchezea, wakakiunganisha na spika za tarumbeta kama zile za msikitini, wakaongeza ngoma ndogo na kiti cha kupiga kwa fimbo. Sauti ilitoka imechanika, nao wakaipenda hivyohivyo. Waliimba dawa za kulevya, ndoa zilizovunjika, ukimwi, rafiki aliyeuawa kwa wizi. Wazazi wetu waliuita muziki wa wahuni. Kundi la Jagwa Music kutoka Mwananyamala lilitamba nao kwenye shughuli za uswahilini kwa miaka, na mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikawatolea albamu iitwayo Bongo Hotheads. Wahuni wetu wakaenda kupiga Ulaya.

Na Temeke haikuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Juma Nature na wenzake wa TMK Wanaume walilifanya jina la wilaya yetu, ambalo watu wa ng'ambo ya pili ya mji walilitamka wakishika pochi zao, liandikwe kwenye fulana. Nilikuwa binti wakati huo. Ulikuwa ukisema unatoka Temeke, ghafla unaonekana mjanja.

Kariakoo tulihamia mwendokasi. Jangwani maji ya Msimbazi yalikuwa yameshuka, barabara ilikuwa na tope tu la pembeni. Magomeni Mapipa, Usalama, Mwembechai. Pale ndipo kijana aliponionesha kwa kidole upande wa kulia, kuelekea Tandale. "Huko ndiko alikotoka Diamond." Kama vile sijui. Kila mzazi wa Dar anajua, maana ndiyo hoja ya kwanza anayopewa mtoto akiambiwa asome.

Mimi nina hoja nyingine, na niliitoa mle ndani ya basi kwa sauti ya chini. Tulikuwa tunaikaribia Manzese, na Manzese ni kwao Nay wa Mitego. Machi 2017 alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake uitwao Wapo, na Basata wakaufungia. Siku iliyofuata Waziri wa Habari wakati huo, Harrison Mwakyembe, akatangaza kuwa Rais Magufuli ameusikia wimbo, ameupenda, na kijana aachiwe. Watu walishangilia. Mimi nilijiuliza ingekuwaje kama Rais asingeupenda. Aprili hiyohiyo Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, wakaonekana siku tatu baadaye wakiwa na majeraha. Siku zile tatu nilimfikiria mama yake Roma kuliko nilivyomfikiria Roma mwenyewe.

"Mimi sijataja mtu," kijana akasema. "Wala sijaimba. Ni wewe uliyeimba."

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini alikuwa anasema kweli, ndiyo iliyonikera.

Tulishuka Manzese, tukapita chini ya lile daraja la watembea kwa miguu, tukaingia ndani kupitia kwenye mitumba. Mburahati, Manzese na Sinza zilikuwa Kinondoni mpaka ilipokatwa Wilaya ya Ubungo, na wenyeji wengi bado wanakwambia wapo Kinondoni. Mitaa ni myembamba. Unapita katikati ya uani kwa mtu, unasema hodi na samahani kwa pamoja, unaruka mfereji, unakwepa nguo zilizoanikwa. Kila baada ya nyumba tatu kuna sabufa inalia. Sikuona tofauti na kwetu, isipokuwa kwetu kuna mchanga mwingi zaidi.

Kijana alinieleza njiani mambo ambayo sikuwa nayajua, na nakiri alieleza vizuri kuliko anavyojieleza kwenye kitu chochote cha shule. Singeli ilianza kwenye shughuli. Shughuli za usiku kucha za uswahilini tunaziita vigodoro, na watu wanasema ni kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na vigodoro vyao, maana hakuna wa kurudi nyumbani kabla ya asubuhi. Dijei alikuwa akipiga taarabu, watu wakichoka anachukua kile kipande cha mwisho chenye kinanda na ngoma, anakirudiarudia, anakiongeza mwendo. Kisha MC anashika maiki, anaanza kuwataja waliokuja, anayetunza anasifiwa, asiyetunza anachambwa. Mwendo ukaongezeka mwaka hadi mwaka. Muziki wa kawaida wa dansi una mapigo kama 120 kwa dakika. Singeli inaanzia 200, na kuna vijana wanaifikisha 300.

Hapo Mburahati ndipo ilipo studio ya Sisso, ambayo jina lake limefika mbali kuliko wenyeji wa mtaa wenyewe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na tangu hapo kina Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana na Duke wamekuwa wakialikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Huko wanauweka kwenye fungu la muziki wa majaribio, kwenye kumbi ambazo watu hulipa kiingilio kusikiliza sauti ambazo hawajawahi kuzisikia. Kijana alinionesha video: Wazungu kwenye giza, taa zinamulika, wanaruka kama wamekanyaga siafu, na jukwaani kijana wa Mburahati na kompyuta mpakato yake, anagonga vitufe kama karani anayewahi kufunga ofisi.

Nikamuuliza kama wale wanaelewa kinachosemwa. Akasema hapana, ila wanaelewa mwendo. Nimelifikiria sana jambo hilo. Jay Mitta ana albamu inaitwa Tatizo Pesa. Sisso ana nyingine inaitwa Mateso. Ukiyasoma majina hayo kwa Kiswahili, hakuna majaribio yoyote hapo. Ni mazungumzo ya foleni ya maji. Wenzetu wanasikia kasi hawasikii maneno, na sisi wazazi tunasikia kelele hatusikii lolote kati ya hayo mawili.

Studio tuliyokwenda haikuwa hiyo maarufu. Ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, mlango wa pazia, ukutani wamegandika trei za mayai ili kuzuia sauti. Kompyuta moja, spika mbili, feni isiyozunguka. Ndani palikuwa na vijana watano, na nilipoingia wote walisimama. "Shikamoo mama." "Shikamoo mama." Nilijiandaa kukuta mabangi, nikapewa kiti. Kile kiti kilikuwa kimoja tu.

Mwenye studio alikuwa kijana wa kama miaka 25, mpole, ana kikohozi. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya wimbo wa Ijumaa, sauti ile ni yangu, sikutoa ruhusa, naomba ufutwe. Hakubisha. Alisema, "Sawa mama, ni haki yako." Kisha akasema, "Lakini naomba kwanza nikusikilizishe kitu."

Akafungua faili moja. Mtu anagonga mlango wa bati, ngo ngo ngo, sauti ya kiume inasema kodi, kodi, kodi. Imewekewa ngoma, ule mgongo wa mlango ndio umekuwa ngoma yenyewe. Akasema hiyo imeletwa na kijana wa Kigogo, na mwenye nyumba aliyemo hajijui, na juzi alikuwa anaucheza. Akafungua nyingine: konda na abiria wanagombania chenji ya shilingi mia. Nyingine: kengele ya shule na mwalimu anayesoma majina ya wasiolipa michango, majina yenyewe wameyafuta, umebaki ukimya mahali pa kila jina, na ngoma inaingia kwenye ule ukimya. Hiyo ya mwisho ilinifanya nishike mkoba wangu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesomewa hivyo.

Nikamuuliza kwa nini wasiimbe tu, waseme wanachotaka kusema. Alikuna kichwa. "Tukisema moja kwa moja, mama, watu wanaona ni siasa, wanaondoka. Tukiweka sauti wanacheza kwanza. Halafu kesho yake wanaulizana."

Hapo nilimkumbuka Remmy Ongala. Vijana wale walijua jina lake kama kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy, si mbali na pale. Nikawaambia pale palikuwa nyumbani kwake. Mkongo wa Kindu, alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, akaimba habari za mnyonge. Alifariki Desemba 2010. Ukimwi ulipoanza kumaliza watu, akatoa Mambo kwa Soksi. Redio Tanzania haikuupiga, lakini kaseti zilizagaa kila mahali. Mama yangu alituambia ni wimbo wa kuhimiza watoto wavae soksi za shule, nasi tukaamini, tukawa tunauimba kwa bidii tukienda darasani. Kila mtu mzima tuliyempita alijua maana yake. Tulikuwa tunatangaza kondomu bila kujua.

Vijana wakacheka sana. Yule mwenye kikohozi akataka kujua kama kaseti ninayo bado.

Sitaki mzazi mwenzangu adhani kwamba nilitoka pale nimeongoka. Kuna singeli ambayo siwezi kuisikiliza na watoto wangu wakiwa sebuleni. Kuna inayowatukana wanawake tangu mwanzo hadi mwisho, na mwanamke ndiye anayeitwa jukwaani aicheze. Vigodoro vyenyewe serikali imekuwa ikivipiga marufuku mara kwa mara, na ingawa marufuku hiyo inawaangukia maskini tu, maana harusi ya ukumbini ya wenye fedha haipigiwi simu polisi, siwezi kusema hakuna sababu. Nimeona wasichana wa darasa la saba saa nane za usiku. Na wanasiasa nao, wakati wa kampeni, huwapandisha haohao wasanii wa singeli kwenye malori wakawakusanyie watu. Ngoma inayolalamikia kodi asubuhi inaweza kumsifu mgombea jioni. Kijana anayelipwa ataimba anacholipiwa. Niliyasema hayo mle studio, na hakuna aliyepinga.

Jua lilikuwa limeshuka. Mtaa wa pili palikuwa na shughuli, mwali anatolewa, turubai limefungwa kuziba njia. Mwenye studio ndiye aliyekuwa anatoa muziki, akatuomba tupite tusalimie kabla ya kuondoka. Nilikubali kwa sababu ya njaa, kusema kweli. Pilau ilikuwa inanukia.

Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Vitenge vya sare, kijani na njano. Mwali alikuwa amefunikwa, amekaa kimya. Mambo yalianza taratibu kwa taarabu, wakubwa wakatunza kwa madaha, noti ya elfu mbili inapeperushwa kama ya elfu kumi. Kisha mwendo ukapanda. Nikajua kinachokuja kabla hakijaja, kwa sababu nilisikia mlango wangu. Mbuzi wangu wa bati, amelia katikati ya Mburahati.

Mpaka Ijumaa, kaka yangu, mpaka Ijumaa.

Wanawake wakanyanyuka. Sijui nieleze vipi. Walikuwa wanaujua. Walikuwa na namna ya kuucheza: mikono inaunganishwa kama unaomba, unashuka, unashuka, halafu ngoma ikirudi unageuka na kumfukuza mdai wa kuwaziwa kwa kanga. Wanacheka mpaka machozi. Watu wazima, wenye wajukuu. Nao waliitikia kile kisauti kwa pamoja, na kila mmoja aliweka siku yake: wengine Ijumaa, wengine Jumatatu, mmoja akapiga kelele "mpaka nife!" na turubai zima likaangua kicheko.

Mama mmoja aliyekuwa kando yangu, mtu wa makamo mwenye meno ya dhahabu mawili, alirudi kukaa akihema. Akaniinamia sikioni. "Hao ndio waliokuja kwangu Alhamisi. Wamechukua jokofu. Limejaa ubuyu wa wateja."

Nikamuuliza mumewe amesemaje. Akaniangalia kama nimeuliza swali la mgeni. "Nimemwambia limepelekwa kwa fundi."

Mimi nilimwambia mume wangu godoro limeliwa na panya.

Sikumwambia yule mama kwamba sauti ile ni yangu. Nilitaka, neno likafika mdomoni, lakini alikuwa amesharudi kucheza. Nikamtazama kijana wangu ng'ambo, amesimama nyuma ya spika na yule mwenye kikohozi, hachezi, ananitazama mimi. Alikuwa anasubiri nimwambie azime.

Tulirudi na basi la saa nne usiku, tumesimama hadi Kariakoo. Tukiwa daladala ya Rangi Tatu tukapata siti. Akaniuliza, "Kwa hiyo ufutwe?" Nikamwambia anyamaze, ninafikiria. Tulipofika Zakhem nikamwambia mambo mawili. Wimbo ubaki. Lakini tangu leo hakuna sauti ya mtu wa nyumba hii, wala ya jirani, itakayotoka kwenye ile simu kabla mwenyewe hajaulizwa. Na mitihani ya kidato cha nne iko palepale, haikuhamishwa na mwendo wa 300. Alikubali yote haraka mno, nikajua hilo la mwisho hakulisikia.

Baba yao alirudi Jumanne. Alioga, akala, akauliza kwa nini tunalalia mkeka na mkeka wenyewe umeshaanza kuchoka. Kijana alikuwa mlangoni. Nikamwambia alete simu.

Aliusikiliza mara moja. Akasema, "Huyu mtoto anadaiwa nini?" Maneno yaleyale niliyoyasema mimi kwenye bajaji. Kisha akainua kichwa, akageuka kutazama mlango wa uani.

Hatukugombana usiku ule, tuligombana kesho yake, na ugomvi wenyewe ulikuwa mrefu. Lakini usiku ule tulichukua daftari la hesabu la kijana, tukachora mstari katikati, tukaandika deni lililobaki upande mmoja na kinachoingia upande mwingine. Mume wangu anahesabu kwa sauti, ndiyo tabia yake, elfu kumi na tatu, elfu kumi na tatu, elfu kumi na tatu, huku anagonga kalamu mezani. Kijana akasogea taratibu na simu mkononi, akaniangalia kwa kuuliza.

Nikamwambia akalale.